Ridhaa ya Asiye na Pa Kwenda

Msomaji, ukilisikia neno uhakiki, yamkini fikira zako hukimbilia ushairi, riwaya au tamthilia. Ndivyo tufunzwavyo. Lakini kuna maandishi mengine ambayo hayasomwi kwa starehe wala hayatungwi na washairi, na hata hivyo yana nguvu juu ya maisha yako kuliko shairi lolote. Maandishi hayo ni sheria. Sheria nayo ina watungaji wake, ina lugha yake, ina mambo iliyoyataja na mambo iliyoyanyamazia. Kwa hiyo yaweza kuhakikiwa. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mmoja wa walimu wetu alitufundisha kuikabili kanuni yoyote kwa maswali matatu: Yamlinda nani? Yamlinda na nini? Na imemsahau nani?

Leo nataka tuyatumie maswali hayo kuzisoma sheria mbili za Kenya. Ya kwanza ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, iliyowekwa kuzuia ukiritimba katika biashara. Ya pili ni Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, iliyowekwa kulinda faragha, yaani haki ya mtu kuyaweka mambo yake ndani ya mlango wake. Dai langu ni kwamba kila moja ni sheria njema ikisomwa peke yake, lakini mtu wa kawaida hudhurika mahali pale zinapokutana, na mahali hapo pangali gizani.

Tuanze pwani, maana mfano wa karibu huifungua akili upesi. Katika fuo za Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, wavuvi wengi hawana uwezo wa kununua mashua wala nyavu. Humwendea mtu ambaye hapa kwetu huitwa tajiri. Tajiri huwapa nyavu au mashine, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo kulala mchangani, huwakopesha fedha za chakula. Wao nao humwahidi kwamba samaki wote watakaovua watamwuzia yeye, kwa bei atakayoikata mwenyewe. Tusimtukane mtu huyu. Nyumba nyingi zimevuka siku za njaa kwa mkono wake. Lakini mvuvi akishafungwa na ahadi hiyo, hata akimwona mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, hawezi kumwendea. Huo ndio ukiritimba katika umbo lake dogo: wauzaji wengi, mnunuzi mmoja.

Sasa tazama jambo ambalo halionekani kwa jicho la kwanza. Tajiri huyo hajui habari za samaki tu. Ajua mvuvi ana watoto wangapi shuleni. Ajua mkewe amelazwa hospitalini tangu lini. Ajua deni lake la dukani ni kiasi gani na siku ya kulilipa ni ipi. Ameyajuaje? Aliuliza. Na mvuvi alimjibu kwa nini? Kwa sababu hapakuwa na tajiri wa pili. Lau wangekuwapo watatu, mvuvi angemwambia yule mwenye maswali mengi, "Hayo ni ya nyumbani kwangu," akaenda zake kwa mwingine. Na kuna zaidi. Tajiri akishayajua hayo yote, hujua pia ni siku gani mvuvi hawezi kabisa kuikataa bei mbaya. Basi mambo haya mawili huzaana: asiye na pa kwenda hutoa siri zake, na aliyekwisha kutoa siri zake huzidi kukosa pa kwenda.

Usidhani kwamba jambo hili lilikuja na simu. Babu zetu walilivaa shingoni. Sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, aghalabu ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia kifuani. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na ujira wake. Mwajiri mpya alikisoma kabla hajataja mshahara, akajua mara moja ni kiasi gani kidogo ambacho mtu yule alikuwa amekwisha kukikubali. Mwaka 1921 walowezi walipopatana kuipunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, mfanyakazi alijikuta kati ya kuta mbili: waajiri walikuwa kitu kimoja, na habari zake zote zilikuwa mikononi mwao. Kipande kilikomeshwa katika miaka ya 1940. Mantiki yake haikufa nacho.

Tuifungue sasa sheria ya kwanza. Sheria ya Ushindani ilianza kazi mwezi wa Agosti 2011, na ofisi inayoisimamia ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Sheria hii haimkatazi mtu kuwa mkubwa. Mfanyabiashara aliyekua kwa bidii na akili hana hatia. Inachokataza ni kuutumia vibaya ukubwa huo. Kampuni inayoshika nusu ya soko au zaidi huhesabiwa kuwa inalitawala, na kifungu cha 24 chaeleza matendo ambayo mtawala huyo hana ruhusa ya kuyatenda: kutoza bei isiyo ya haki, kuweka masharti mengine ya biashara yasiyo ya haki, kuwafungia wengine njia ya kulifikia soko, na mengineyo.

Je, sheria hiyo imefanya kazi? Imefanya, nasi tumeona. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, ikaenea kote nchini hata ukaikuta Lunga Lunga na Kinango. Mikataba ya mawakala wake iliwafunga wasizihudumie kampuni nyingine. Airtel ikalalamika mbele ya Mamlaka, na mwezi wa Julai 2014 Safaricom ikakubali kukiondoa kizuizi hicho. Wakala akawa huru kuweka huduma mbili katika kibanda kimoja. Mwezi wa Aprili 2018 tukaona hatua nyingine: wateja wa kampuni hizo mbili wakaweza kutumiana fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kwa hakika hizi ni faida za kweli kwa mtu wa kawaida.

Lakini mhakiki hapaswi kusifu tu. Soma lugha ya sheria hii nawe utaona ni lugha ya soko la vitu. Yasema juu ya bei, juu ya wingi wa mali, juu ya njia za kuuzia. Imetungwa na watu waliofikiri juu ya sukari na saruji. Mtu akikuuzia sukari kwa bei ya kukuumiza, sheria yaona, ina mizani. Je, mtu akikupa kitu bila ya kulipa hata senti moja, halafu akatwaa habari zako? Hapo mizani hukosa cha kupima. Bei ni sifuri, na sifuri ikiongezwa haionekani. Walakini mtoaji hakutoa bure. Amelipwa, ila hakulipwa kwa shilingi.

Twende kwa sheria ya pili. Mzizi wake umo katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 31, inayompa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani kutotakiwa wala kutangazwa pasipo lazima. Mwezi wa Novemba 2019 ikapatikana Sheria ya Kulinda Data, na mwaka uliofuata Kamishna wa kwanza wa Kulinda Data akaapishwa.

Wako wasemao kwamba faragha ni wazo la kigeni, na kwamba sisi ni watu wa kuishi pamoja wasio na siri. Maneno hayo husemwa na mtu asiyezijua nyumba za pwani. Mgeni hupiga hodi. Akikaribishwa huketi barazani. Hapiti mpaka chumba cha ndani kwa kuwa tu mlango uko wazi. Mzuru Kaya Kinondo, karibu na Diani, msitu ambao tangu mwaka 2008 umo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda: utapokewa vizuri, utafungwa kaniki, utaongozwa, na kuna mahali ambapo hutapelekwa hata ukiomba. Wazee hawakuwa na neno data, lakini walijua kwamba jambo lililo wazi kwa mmoja si lazima liwe wazi kwa wote. Sheria ya mwaka 2019 ililiandika kwa lugha ya bunge jambo ambalo hodi imelisema siku zote.

Nami niliuona umuhimu wake siku moja pale Ukunda. Nilisimama kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu kungoja zamu yangu. Juu ya meza palikuwa na daftari wazi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Katika ukurasa ule nilisoma, bila ya kukusudia, jina la jirani yangu, nambari ya kitambulisho chake, nambari ya simu, na kiasi cha fedha alichotoa asubuhi ile. Nilikijua alichokuwa nacho mtu ambaye hakunipigia hodi, wala mimi sikumpigia. Nilipofika mwenyewe kwenye meza niliandika yangu chini ya yake, kwa kuwa nilihitaji fedha na kibanda kingine kilikuwa mbali. Nikaenda zangu. Njiani nikajiuliza: Je, nilikubali?

Swali hilo la kukubali ndilo moyo wa sheria ya pili. Yasema kwamba habari za mtu zaweza kutumiwa kwa ridhaa yake, ikiwa ni miongoni mwa sababu kadhaa zilizoruhusiwa. Na ridhaa yaelezwa kwa maneno mazuri: iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahsusi, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Nayo sheria hii imetenda kazi. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuyatumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine, watu hao wakasumbuliwa kwa ujumbe na simu za vitisho. Ukimjua mtu aliyepigiwa simu usiku kwa deni la shemeji yake, utaelewa kwamba hukumu ile haikuwa jambo dogo.

Sasa, msomaji, fanya kazi ya mhakiki: weka maandishi haya mawili ubavu kwa ubavu. Katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Ushindani limo katazo hili, kwa maneno yangu mwenyewe: mwenye kulitawala soko asimlazimishe mtu kukubali wajibu wa ziada usiohusiana na jambo lenyewe wanalopatana. Katika kifungu cha 32 cha Sheria ya Kulinda Data limo fundisho hili: ukitaka kujua kama ridhaa ilikuwa ya hiari, tazama kama mtu aliwekewa sharti la kutoa habari zisizo za lazima ndipo apewe huduma. Soma tena. Je, si wazo lile lile? Mwuza nazi akikwambia, "Sikuuzii nazi mpaka unionyeshe barua za mkeo," sheria ya kwanza itasema ni sharti la ziada, na ya pili itasema ridhaa yako haikuwa huru. Sheria mbili, zilizopishana kwa miaka 9, zimeandika fikira moja kwa lugha mbili. Hili ndilo jambo bora kabisa nililoliona katika kuzisoma, na ndilo linalonihuzunisha, kwa maana kila moja imekabidhiwa ofisi yake. Ofisi ya kwanza yauliza, "Soko limeharibiwa?" Ofisi ya pili yauliza, "Mtu alikubali?" Lakini swali la mvuvi ni la tatu: "Nilikubali kwa sababu soko limeharibiwa, nimwendee nani?"

Chukua mfano ulio mkononi mwako. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola zipatazo bilioni 19. Mwezi wa Januari 2021 watumiaji wake duniani walipata tangazo la masharti mapya kuhusu habari zao, wakatakiwa wakubali kabla ya siku iliyowekwa. Kelele zilikuwa nyingi, siku ikasogezwa mbele, na baadaye kampuni ikasema haitamfungia mtu kwa sababu hajakubali. Lakini fikiri juu ya siku zile za kwanza. Mwanafunzi wa Msambweni angefanya nini? Matangazo ya darasa yako humo. Mashauri ya arusi na maziko yako humo. Shangazi aliyeko Muscat hutuma ujumbe kwa njia hiyo, na mama karanga hupokea humo maagizo ya samaki. Kukataa hakukuwa kuiacha kampuni. Kulikuwa kuwaacha watu wako. Akabonyeza "Nakubali". Ukipeleka tendo lile kwa mizani ya bei, bei ni sifuri. Ukilipeleka kwa mizani ya ridhaa, kidole kimebonyeza. Nalo kosa, kama lipo, limepita katikati.

Hapa nataka kuonyesha dosari moja ambayo si ya fikira bali ya hesabu. Anayevunja Sheria ya Ushindani aweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Anayevunja Sheria ya Kulinda Data aweza kutozwa na Kamishna hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni, hadi asilimia 1 ya mapato ya mwaka, na sheria yaongeza: kiasi kile kilicho kidogo zaidi. Yatie akilini maneno hayo ya mwisho. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 20 itatozwa kwa wingi shilingi 200,000, yaani moja katika kila 100. Kampuni yenye mapato ya shilingi bilioni 100 itatozwa kwa wingi shilingi milioni 5, yaani moja katika kila 20,000. Mdogo achapwa kiboko na mkubwa apigwa kwa unyoya. Ni kweli kwamba mtu aliyedhurika aweza pia kudai fidia. Hata hivyo, sheria iliyotungwa kumlinda mnyonge haikupaswa kuwa na kipimo kinachozidi kupungua kadiri mkosaji anavyozidi kuwa na nguvu.

Je, yawezekana kuziunganisha fikira hizi mbili? Historia yatuonyesha kwamba hazikuzaliwa mbali mbali. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria yake mashuhuri ya kuzuia ukiritimba, iitwayo kwa jina la Sherman. Mwaka huo huo wanasheria wawili, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha makala yaliyotetea haki ya faragha, makala yanayotajwa hata leo. Na Brandeis huyo huyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigana na makampuni makubwa mno, akawa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi yake mwaka 1916. Katika kichwa chake mambo hayo yalikaa pamoja. Ni sisi tuliokuja baadaye tuliowatenganisha pacha hawa na kuwalea katika nyumba mbili.

Ujerumani ilijaribu kuwakutanisha tena. Mwezi wa Februari 2019 ofisi yake ya kuzuia ukiritimba iliizuia Facebook kuchanganya habari za mtu kutoka WhatsApp, Instagram na tovuti nyingine bila ya ridhaa ya hiari. Kampuni ikapinga, na tarehe 4 Julai 2023 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba ofisi ya ushindani inaruhusiwa kuitazama sheria ya faragha katika kupima kama ukubwa umetumiwa vibaya. Mahakama haikusema kwamba ridhaa mbele ya mkubwa ni batili siku zote. Ilisema kwamba ukubwa huo ni jambo la maana katika kupima kama ridhaa ilikuwa huru. Nayo Afrika haikubaki nyuma. Mwezi wa Julai 2024 tume ya Nigeria ya ushindani na ulinzi wa wanunuzi, baada ya uchunguzi uliofanywa pamoja na tume ya nchi hiyo ya kulinda data, iliitoza Meta, mwenye WhatsApp, dola milioni 220. Na mwezi wa Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha hukumu hiyo. Ofisi mbili zilifungua jalada moja. Jambo ambalo kwetu hudhaniwa kuwa gumu, wenzetu walilitenda.

Lakini haki yataka tuusikilize upande wa pili. Kuna wasemao kwamba mkubwa mmoja huzitunza siri vizuri kuliko wadogo kumi, kwa kuwa ana walinzi na mitambo. Hoja hii ina uzito. Makampuni mengi ya mikopo yaliyowasumbua watu yalikuwa madogo, tena yalikuwa na washindani tele. Kwa hiyo ushindani peke yake hauleti faragha. Wengine wasema zaidi, kwamba faragha ikikazwa mno yaweza kuwa ua wa kumfungia mkubwa soko lake. Nao wana ushahidi. Mwezi wa Machi 2025 ofisi ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Apple euro milioni 150, si kwa nia yake ya kuwapa watu faragha, bali kwa namna ilivyoitekeleza nia hiyo hata ikawalemea watengenezaji wadogo wa programu.

Na hapa Diani jambo hilo tunalijua. Mwenye nyumba ndogo ya wageni, ambaye wageni wake wote huja kwa njia ya mtandao mmoja wa kuagizia vyumba, mara nyingi hapewi anwani ya kweli ya mgeni. Hupewa anwani ya kupitia tu. Ni faragha, naam. Lakini mgeni akitaka kurudi mwakani, mwenyeji hana njia ya kumwalika ila kumpitia yule yule wa kati na kumlipa tena. Kadhalika katika malipo ya simu, nambari ya mnunuzi siku hizi hufichwa isionekane yote kwa mwenye duka. Msichana aliyechoka kupigiwa simu na wauzaji asiowajua hushukuru, nami nashukuru pamoja naye. Ila tusisahau kwamba ua huo umejengwa upande mmoja: mwenye duka haoni, lakini mwenye mtandao aona maduka yote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tunapofurahi kwamba mtungi umefunikwa, tuulize kata i mikononi mwa nani, na kama ipo kata ya pili.

Basi hukumu yangu ni hii. Sheria ya Ushindani imemlinda mnunuzi dhidi ya bei mbaya, ikamsahau yule anayelipa kwa siri zake, ijapokuwa maneno yake kuhusu masharti yasiyo ya haki yatosha kumkumbuka kama yakitumiwa. Sheria ya Kulinda Data imemlinda mwenye siri dhidi ya kuporwa, ikamsahau yule anayetoa kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa hana pa kwenda, ijapokuwa kifungu chake cha 32 kimeuacha mlango nusu wazi. Kazi iliyobaki si kutunga sheria ya tatu. Ni ofisi hizi mbili kusomeana vitabu vyao, kuulizana habari, na kuliweka swali moja mbele ya kila ridhaa: Je, mtu huyu angekataa, angepata wapi? Tena bunge lifikiri upya juu ya yale maneno "kilicho kidogo zaidi".

Na kuna kifungu kimoja ambacho nakutakia ukikumbuke hata ukiyasahau mengine yote. Ni cha 38, kinachompa mtu haki ya kuzichukua habari zake kutoka kwa mmoja na kuzipeleka kwa mwingine. Katika sheria ya faragha kifungu hiki ndicho kilicho karibu kabisa na sheria ya ushindani, kwa maana chatengeneza pa kwenda. Mwaka 2018 fedha zetu ziliruhusiwa kuhama mtandao kwa mtandao. Habari zetu zinangoja siku yao, na haki isiyojulikana na mwenyewe hudaiwa na nani?

Katika baadhi ya fuo zetu wapo wavuvi waliounda vikundi vya kuweka akiba. Hununua nyavu zao wenyewe, na kila mmoja humwuzia samaki wake amtakaye. Ukienda kuwatazama wakati wa kupima samaki utaona kwamba wengine wangali wakimwuzia tajiri yule yule wa zamani, kwa kuwa ni mtu wanayemjua na bei yake imekuwa nzuri. Lakini sasa akiwauliza ya nyumbani kwao, hucheka, na humjibu wapendapo.

Msomaji, nimekupa usomaji wangu. Usiukubali kwa kuwa ni wa mwalimu. Zitafute sheria hizi mbili, usome kifungu cha 24 cha ile na cha 32 cha hii, halafu uwaulize nyumbani kwenu ni mara ngapi wamebonyeza "Nakubali" mwaka huu, na ni mara ngapi wangeweza kukataa. Ukiona nimekosea, andika insha yako, unionyeshe mahali nilipokosea.